Mifupa ya Supu na Mkono wa Bwana Lucien

Mwanangu, nimeishi Brussels siku nyingi, lakini ninayoikumbuka zaidi ni Jumamosi moja ya baridi. Nilikuwa nimesimama jikoni kwa mama yangu mdogo kule Evere, pembeni ya mji, nikiitazama mifupa sita ya ng'ombe ikizama kwenye sufuria ya maji yanayochemka, na sikusema kitu. Mdomo nilikuwa nao. Maneno pia nilikuwa nayo, maana hata leo ningeweza kukutajia yale niliyopaswa kusema. Lakini nilisimama pale na kitambaa cha jikoni mkononi, nikanyamaza.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana naandika polepole na sipendi kuruka mambo. Shule yangu iliishia darasa la sita huko Likasi, Kongo. Nilifika Ubelgiji miaka ya mwanzo ya elfu mbili, kijana wa miaka ishirini, nikapokelewa na mdogo wake mama, Maman Bernadette. Yeye alikuwa amekaa hapa muda mrefu. Alifanya usafi katika nyumba za watu, na Jumapili alikuwa mama mkubwa wa kwaya. Mimi nilikuwa mwenye haya. Nikiulizwa swali mbele ya watu wawili, masikio yalikuwa yanapata moto. Kwa hiyo nilijifunza njia fupi ya kupita: kila nilichoambiwa niliitikia "ndiyo", nikiinamisha kichwa. Watu wazima waliniona nina adabu. Nami nikaamini hiyo ndiyo adabu.

Moja ya nyumba alizosafisha Maman Bernadette ilikuwa ya mzee wa Kibelgiji, karibu na uwanja wa Flagey. Tulimwita Papa Gustave. Alizaliwa Likasi, baba yake akiwa mtu wa migodi, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha mitaani kwetu, hata matusi aliyajua. Nyuma ya nyumba alikuwa na karakana ndogo, na kazi yake ilikuwa kutengeneza vishikio vya bastola: vile vipande viwili vinavyofungwa kwa skrubu pande mbili za mpini, mahali kiganja kinaposhika. Wateja wake walikuwa watu wa kulenga shabaha kwenye klabu, na wachache waliohifadhi silaha za zamani kwenye kabati la kioo.

Usifikiri napenda bastola, mwanangu. Nilikotoka niliziona mikononi mwa watu ambao hata fagio hukupaswa kuwakabidhi. Maman aliponipeleka kwake nijifunze kazi, siku ya kwanza nilimwambia kwamba sitaweza. Lakini mteja alimwachia Papa Gustave chuma kitupu, kisicho na kitu ndani, pamoja na nakala ya kibali chake. Sisi tulishughulika na mfupa tu. Na mfupa, nakuambia, ukiufanyia kazi vizuri una uzuri wake. Una weupe wenye joto, na vidoti vidogo vyeusi ambavyo ukiviona kwa lenzi unajua kabisa huu ni mfupa. Mara kwa mara alikuja mtu kuomba pembe ya ndovu. Papa Gustave alimfungulia mlango atoke. "Hapa kuna ng'ombe," alisema, "na ng'ombe hana haya ya kuitwa ng'ombe."

Basi vuli moja alinipa mtihani. Alinipeleka kwa muuza nyama, tukachagua pamoja mifupa sita ya muundi, ya ng'ombe wazee, maana ya ndama ina ukuta mwembamba. Kisha akaniambia nikaitayarishe mwenyewe nyumbani, kwa sababu sinki la karakana lilikuwa limejaa. Karibu na dirisha kulikuwa na meza ya kazi iliyobaki tupu tangu fundi wake wa zamani astaafu. Mimi nilikuwa nafanyia kazi kwenye pipa lililogeuzwa, karibu na mlango.

"Bon, sikia muzuri," alisema. "Mufupa haupendi moto. Unatoa mafuta ya ndani na kijiti, unakwangua nyama, unatia mufupa mu maji ya vuguvugu na savon ya sahani. Kila siku mbili unabadilisha maji. Juma tatu, juma nne, mpaka maji inatoka bila mafuta. Kisha unakausha polepole, mbali na chauffage, ile chuma ya kupasha nyumba moto. Umesikia?"

"Ndiyo, papa."

"Na javel, ile dawa ya kufanya nguo nyeupe, unatia?"

"Hapana, papa."

"Juu ya nini hapana?"

"Juu weye hukusema nitie."

Alicheka mpaka miwani ikashuka puani. "Javel inakula mufupa, inageuka kama chaki. Ukitaka weupe, tumia ile maji ya oksijeni ya famasia. Uniulizaka, Ilunga. Kuuliza hakuumize meno. Ukiniletea mifupa mizuri, meza ya dirishani ni ya weye."

Nilibeba ule mfuko kwenye tramu kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mwanangu, hujui nilivyoitamani ile meza. Kabla ya pale nilikuwa naosha vyombo kwenye mkahawa ambako kwa miezi minane hakuna aliyejua jina langu. Meza ya dirishani ilikuwa na maana kwamba mimi ni fundi, na kwamba kuna mahali katika mji huu pa kutundika koti langu.

Maman Bernadette aliufungua ule mfuko kabla sijavua viatu.

"Aba! Mifupa na mafuta yake yote, na weye unataka kutia mu savon?" Aliinua mmoja juu ya taa ya jikoni, akautazama kama mtu anayekagua kitambaa cha sherehe. "Kesho batu ba kwaya banakuya kula hapa. Lete sufuria kubwa."

"Maman, ni ya kazi," nilisema, lakini nilisema kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe.

"Kazi gani ya mufupa? Mufupa kazi yake ni supu."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pangu pa kusema. Huyu ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege na koti la mumewe marehemu mkononi ili nisipate baridi. Ningemkatalia mifupa? Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Mifupa ilichemka tangu mchana mpaka usiku, na seleri, vitunguu na pilipili, madirisha ya jikoni yakalowa mvuke. Jumapili kwaya ilikula. Mzee wa sauti nzito alinyonya uboho mpaka akafumba macho, akaniambia, "Ilunga, Mungu akubariki, ulete tena!" Kila mtu alicheka, nami nikacheka.

Na kitu kilichonidanganya ni hiki: mifupa ilitoka safi. Ilikuwa myeupe kuliko yote niliyoiona kwa Papa Gustave, haina hata uzi wa nyama. Nikawaza, kumbe supu imenifanyia kazi ya mwezi mzima kwa siku moja! Sikujua kwamba moto mkali unayasukuma mafuta ndani ya mfupa badala ya kuyatoa, na unaunyang'anya ule utomvu unaoushikilia pamoja. Nikaipanga juu ya shofaji, ile chauffage ya sebuleni, ikauke haraka. Ilikauka kweli.

Baadaye, muda wa kutosha ulipopita, niliipeleka Flagey. Papa Gustave alipitisha kidole juu ya mmoja.

"Ulifanya vile nilikuambiaka?"

"Ndiyo, papa."

Maneno mawili tu. Naye hakuchunguza zaidi. Macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na ukungu, na kazi nyingi za macho alikuwa ameniachia mimi.

Mwisho wa baridi alikuja Bwana Lucien. Alikuwa mfanyakazi wa posta aliyestaafu, mwembamba, mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri. Hakujua Kiswahili, Kifaransa chake nitakiweka hapa kwa lugha yetu. Alikuwa amelenga shabaha klabuni tangu ujana, na jirani zake walimwita kwa jina la vikombe alivyoshinda. Kisha mashine ya kukatia mbao, nyumbani kwake mwenyewe, ilimkata vidole viwili vya mkono wa kulia, kile cha mwisho na jirani yake. Miaka mitatu hakugusa bastola yake. Mkono uliobaki haukuweza kushika kishikio cha kawaida.

"Mke wangu anasema nichukue mchezo wa karata," alisema. "Nimemwambia karata nazo zinahitaji vidole."

Papa Gustave alimpa donge la udongo laini alibane, na udongo ukahifadhi umbo la ule mkono, pamoja na pengo lake. Tulipaswa kuchonga kishikio chenye nundu pale ambapo vidole havipo, ili kiganja kipate cha kuegemea. Bwana Lucien alitaka kurudi klabuni siku ya kufungua msimu, wenzake wote wakiwepo. Aliisema ile siku mara nne.

Nilipoanza kukata, msumeno ulipata joto, na karakana ikajaa harufu. Si harufu ya mfupa ninayoijua, mwanangu. Ilikuwa supu ya Maman Bernadette.

"Ilunga."

"Papa."

"Nani iko anapika?"

"Majirani, papa."

"Majirani?" Alinusa tena. "Madame wa juu anakulaka mukate na fromage, jibini, tu tangu bwana yake alikufa. Leo ameanza kutia céleri?"

Niliinama juu ya msumeno, nikavuta barakoa mpaka chini ya macho. Nilipopiga msasa kwa maji nikaona doa la manjano katikati ya kipande, limetulia kama mafuta juu ya karatasi ya maandazi. Nikaligeuza likae upande wa ndani. Siku ya kufunga skrubu nilisikia sauti ndogo sana, tiki, na ufa mwembamba kama unywele ukaanzia kwenye tundu la skrubu, ukaelekea kwenye nundu. Nilichanganya vumbi la mfupa na gundi, nikaujaza, nikasugua. Papa Gustave alipitisha kidole, akasema ni laini. Hakuona. Hakuna ambaye angeona.

Ijumaa Bwana Lucien alikuja. Papa Gustave aliweka mbele yake ile bastola tupu juu ya kitambaa. Mzee yule akanyoosha mkono wake polepole, akashika. Kiganja kikaingia mahali pake, pengo likajaa. Akainua mkono mpaka usawa wa jicho, na haukutikisika.

"Huu hapa," alisema. "Nimerudishiwa mkono wangu."

Kisha akabana. Alibana kwa nguvu zake zote, akicheka, akisema kwamba hivyo ndivyo atakavyobana mbele ya wale waliodhani amekwisha. Nami nilikuwa natazama sehemu moja tu, pale nyama laini ya kiganja, karibu na kovu la vidole vilivyokatika, ilipolala moja kwa moja juu ya ufa wangu. Niliyajua makali ya mfupa uliopasuka. Nilikuwa nimejikata nao mara nyingi.

Masikio yalipata moto kama kawaida. Nilijiambia, nyamaza, kitakaa. Nikajiambia, ukisema, meza ya dirishani imekwenda. Bwana Lucien alikuwa tayari anatafuta koti lake.

"Monsieur, hapana," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Usikichukue. Kimepasuka. Ni mimi."

Wote wawili walinigeukia. Kifaransa changu kilikuwa kimevunjika vipande, lakini nilikisukuma hivyo hivyo: mifupa, moto, shofaji, kwaya, gundi.

"Kwaya?" aliuliza Bwana Lucien. "Kwaya imefanya nini?"

"Wamekunywa supu, Monsieur."

Alimtazama Papa Gustave, akanitazama mimi, kisha akakitazama kile kishikio mkononi mwake. Nilidhani atanipiga. Alikiweka juu ya kitambaa taratibu sana, kama kitu kinacholala. "Basi msimu utafunguliwa bila mimi," alisema. Akafunga vifungo vya koti kwa vidole vyake vitatu, kazi iliyochukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Ile dakika, mwanangu, ndiyo iliyokuwa adhabu yangu, maana tumaini lake lilikuwa limefika mkononi mwake kabisa kabla sijaliondoa.

Mlango ulipofungwa, Papa Gustave alichukua mmoja wa mifupa yangu iliyobaki, akaufunga kwenye jiliwa, akanipa nyundo ndogo. "Piga." Nilipiga, ukagawanyika kwa urefu kama kuni kavu. Akafunga mmoja wa kwake wa zamani. "Piga." Nyundo ilirudi mkononi, na mfupa ukalia kama kikombe kizuri.

"Umesikia?"

Nilitaka kusema ndiyo papa. Nikaogopa. "Nimesikia," nilisema.

"Mi sikasirike juu ya supu," alisema, akaketi. "Supu ni supu. Mi pia nilikulaka supu ya Likasi, najua. Lakini macho yangu iko na ukungu, na weye unajua. Kila siku niko nakuuliza: rangi iko namna gani, mustari iko sawa? Weye unajibu, mi nakata. Donc weye ni macho yangu. Sasa macho ikianza kuniambia 'ndiyo papa' juu ya kuona haya, siku moja mi nitakata mukono ya muntu. Ile si adabu, Ilunga. Weye unajificha nyuma yangu, halafu unaniita papa."

Nililia, sitakuficha. Aliniacha nilie, akasafisha miwani yake. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Leo umesema. Umechelewa, lakini umesema mbele yake, si nyuma yake. Jumapili nitakuya Evere. Nataka kuongea na Bernadette."

Alikuja na mifupa sita mipya ndani ya mfuko. Maman Bernadette alipoisikia habari yote, alinitazama na mwiko mkononi.

"Mon Dieu, mutoto huyu! Kumbe ulikuwa na kazi, ukakosa mudomo? Ulidhani nitakula weye?"

"Nilisema, maman. Nilisema ni ya kazi."

"Uliambia viatu vyako!"

Papa Gustave aliinua mkono. "Bernadette, ile siku ulitaka nini mu mufupa?"

"Uboho. Na nyama kidogo inabakia."

"Bon. Mi uboho sitake. Nyama sitake. Mi nataka bomba tu, ule ukuta mugumu wa katikati."

Walitazamana. Kisha Maman akaanza kucheka, akaweka mwiko chini, akaendelea kucheka mpaka akashika meza. Alileta sahani. Papa Gustave alikata ncha za mifupa kwa msumeno mdogo, mimi nikasukuma uboho kwa kijiti, ukateleza kwenye sahani mzima mzima. Nyama tukaikwangua kwa kisu, nazo zile ncha zikaenda kwenye sufuria. Mabomba meupe yakaenda kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu na sabuni. Kahawa iliyokuwa mezani ilikuwa bado ina moto. Mwanangu, jambo lililomkosesha mtu msimu wake, lililonifanya niongope miezi mizima, lilimalizika kabla kahawa haijapoa. Supu ilikuwepo na vishikio vilikuwepo, vyote katika mfupa uleule, tangu siku ya kwanza. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia hawa wawili kila mmoja anataka nini, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Tangu hapo Maman Bernadette aliilinda ile ndoo kuliko mimi. Mwanakwaya akiisogelea alisikia, "Usiguse! Ile ni mukono ya muntu iko pale!" Nilibadilisha maji kila siku mbili mpaka yakatoka bila ule utando wa mafuta. Nilikausha chumbani kwangu, kivulini, nikiigeuza kila Jumapili. Kabla ya kukata nililaza kila kipande juu ya karatasi ya kaki kwa juma zima, nione kama itapata doa. Kimoja kilitoa doa dogo. Nilimpelekea Papa Gustave kabla hajaniuliza. "Hiki hapana, papa," nilisema, na masikio yalipata moto, lakini nilisema.

Bwana Lucien tulimwandikia barua. Nilidhani hatakuja. Alikuja vuli, akiwa na masharubu yale yale, akabana kishikio kipya, kisha akanigeukia mimi. "Kwaya imekula?"

"Imekula, Monsieur. Lakini uboho tu."

Baada ya juma mbili alirudi kutuletea karatasi yake ya shabaha. Matundu yalikuwa yametawanyika kama nzi, mawili tu karibu na katikati. Aliionyesha kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu. "Mabaya sana," alisema kwa furaha. "Nina majira yote ya baridi kuyarekebisha." Nilipofika kazini kesho yake, pipa langu lilikuwa limerudishwa nje uani, na ile karatasi ilikuwa imebandikwa ukutani, juu ya meza ya dirishani. Nilitundika koti langu pale.

Sasa nafanya kazi hii peke yangu, Papa Gustave ametangulia, na vijana wanakuja kujifunza, wengine wametoka kwetu juzi tu na wana haya kama niliyokuwa nayo. Wewe unayesoma huenda ni mmoja wao. Basi chukua haya, mwanangu. Mkubwa akikupa kazi usiyoielewa, muulize wakati maji bado ni baridi, maana siku hiyo kuuliza hakumgharimu mtu chochote. Ukiwa katikati ya wakubwa wawili wanaotaka vitu viwili, usiamue kimoyomoyo nani wa kumkosea. Waambie wote wawili. Mara nyingi wanachotaka kinakaa katika mfupa mmoja bila kugombana. Na ukikosea, sema kosa likiwa bado mkononi mwako, kabla halijaingia mkononi mwa mwingine. Heshima kwa mzee si kuitikia kila kitu. Mzee anakuegemea. Mpe kitu kigumu cha kuegemea.

Kile kishikio kilichopasuka ninacho hadi leo. Kimelala dirishani juu ya karatasi ya kaki, na kila nikibadilisha karatasi, baada ya miezi michache doa linarudi. Mwanafunzi mpya akija, namwonyesha hilo kwanza, kabla ya msumeno.

Mungu akuongoze, mwanangu. Akupe watu wa kukukalisha mezani, na akupe sauti ya kuwajibu wakiwa hai. Mikono yako isimkate mtu. Na siku utakapolazimika kusema jambo zito, masikio yakipata moto, yaache yawake, useme hivyo hivyo.